Niliona uzi mweupe saa 10:10, nikaandika saa 10:50

BARUA YA MSOMAJI

Mheshimiwa Mshauri,

Nakuandikia nikiwa nyumbani, katika miezi ile ambayo mnara wangu umefungwa kwa komeo na mimi sina cha kuangalia ila madirisha ya majirani. Nimefanya kazi ya mwangalizi wa moto kwa misimu sita katika msitu wa milimani, na nikijaliwa nitapanda tena baada ya wiki saba. Naomba usiutaje msitu wenyewe wala jina langu, kwa sababu waangalizi tuliobaki ni wachache na tunajuana kwa sauti.

Kwa wasomaji wasioijua kazi hii, nieleze kidogo. Ninaishi peke yangu kwa miezi minne katika chumba kimoja chenye vioo pande zote, kilichosimama juu ya miguu mirefu ya mbao kileleni. Ndani mna kitanda, jiko, redio ya upepo, darubini, na kigoda kidogo chenye miguu iliyovishwa vikombe vya kioo, ambacho mwangalizi hukipanda radi zinapokaribia ili umeme usimpitie. Katikati ya chumba kimesimama kipimio cha Osborne, yaani meza ya duara yenye ramani, iliyozungukwa na pete ya chuma iliyogawanywa katika nyuzi 360. Nikiona moshi, naizungusha pete na kulenga kwa jicho moja kupitia ufa mwembamba, hadi unywele uliotandikwa upande wa pili uukate moshi katikati, kisha nasoma nyuzi. Mwenzangu wa mnara mwingine akiuona moshi huo huo, mistari yetu miwili hukutana kwenye ramani, na hapo ndipo wazima moto huelekezwa. Kila robo saa nalizunguka chumba na kuupitia msitu wote kwa macho, bonde kwa bonde. Mengine ni kungoja.

Mimi ni mwanamke wa kwanza kupewa mnara huu. Hakuna aliyelitamka hilo rasmi, lakini lilitamkwa sana kwa njia nyingine.

Msimu uliopita niliripoti moshi ambao haukuwa moshi. Mvua ilikuwa imekatika, na kutoka makorongoni vikaanza kupanda vile vipande vyembamba vya ukungu ambavyo kila mwangalizi anavijua na vimemdanganya angalau mara moja. Wazima moto wanne walitembea kwa saa tatu msituni wakakuta majani mabichi yanadondosha maji. Tangu siku hiyo kijana mmoja wa kituo cha mawasiliano akawa ananiita “Mama Ukungu” redioni. Wengine walicheka, nami nikacheka nao.

Wiki mbili baadaye, dhoruba ilipita juu yetu kuanzia saa 8 mchana. Nilihesabu radi saba zilizopiga ardhini na kuzitia alama moja moja kwenye ramani. Moja iliupiga mteremko ulio juu ya korongo refu, nyuzi 214. Mvua ilipokatika, korongo zima likaanza kutoa ukungu. Saa 10:10 alasiri niliona uzi mweupe umesimama pale pale, nyuzi 214. Nilikishika kipaza sauti cha redio, kisha nikakirudisha mahali pake. Ukungu hupanda, hutanda, hupotea. Moshi una shina, na hata upepo ukiupeperusha hurudi kuota palepale. Ule uzi ulipotea. Ukarudi. Ukapotea tena. Saa 10:50 ulikuwa na shina, na mbele ya weusi wa misonobari rangi yake ilikuwa ya samawati. Ndipo nikaripoti.

Daftari letu la zamu lina safu mbili za saa: saa moshi ulipoonekana mara ya kwanza, na saa taarifa ilipotolewa. Niliandika 10:50 katika safu zote mbili. Mkono wangu haukutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Kikosi kilichokuwa karibu kilikuwa kinamalizia moto mwingine wa radi; kilirudi kambini saa 11:05 na kuondoka saa 11:30. Giza liliwakuta bado wanapanda korongo. Saa 1:20 usiku jiwe liliporomoka kutoka juu likamponda kijana mmoja kifundo cha mguu. Wenzake walimbeba kwa machela hadi alfajiri, na kwa kuwa redio za korongoni hazikifikii kituo, mimi ndiye niliyepokea maneno yao na kuyapitisha usiku kucha. Nilizungumza pia na yeye mwenyewe, ili asilale. Moto haukufika hata hekta moja.

Kijana amefanyiwa upasuaji mara mbili. Anatembea, lakini hatarudi kikosini. Mwezi uliopita alinipigia simu kunishukuru, akasema sauti yangu ndiyo iliyomshikilia usiku ule. Nilimjibu asijali, nikakata simu, nikakaa sakafuni.

Sasa msimamizi wangu ameniarifu kwamba waangalizi wapya watatu watapanda kwangu kwa mafunzo, na kwamba ameuchagua ukurasa ule wa daftari uwe mfano wa taarifa iliyoandikwa vizuri. Wanaojua ukweli ni mume wangu na dada yangu tu. Mume wangu anasema yaliyopita si ndwele. Dada yangu anasema niache kazi kimya kimya, nitafute nyingine huku chini. Nikisema, nitakuwa nimewapa wale walionitilia shaka neno walilokuwa wakilingoja, na huenda wanawake watakaokuja baada yangu wakalipia. Nisiposema, nitasimama mbele ya vijana watatu nikiwafundisha kuandika saa. Nifanye nini? Na kama ni kusema, nianze na msimamizi au na kijana?

Mwangalizi

JIBU LA MSHAURI

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilichukua karatasi nikaziorodhesha saa zako zote kwa mfuatano, kwa sababu nilihisi kwamba wewe, mtu wa saa na nyuzi, umeziandika zote lakini hujazisoma kwa pamoja. Nitazirudia baada ya muda mfupi. Kwanza niseme nilivyokuelewa, nawe unisahihishe nikikosea.

Unaniuliza iwapo useme au unyamaze, lakini ndani ya swali hilo naona makosa mawili ambayo umeyafunga katika kitambaa kimoja na kuyabeba kama moja. La kwanza ni la jicho: uliona kitu, ukasita dakika arobaini. La pili ni la kalamu: ulijaza safu mbili kwa saa moja, na ulijua kwamba safu ya kwanza si kweli. La kwanza lilitokea ukiwa kazini, mbele ya jambo lenye utata. La pili lilitokea baada ya utata kwisha. Ninapokusoma naona unajihukumu kwa la kwanza kwa ukali mkubwa, na la pili unalitaja kwa sentensi mbili tu, ingawa zote mbili ni nzito. Huenda ni kwa sababu la kwanza ndilo lililofuatiwa na jiwe. Lakini nadhani unaponiambia kwamba mkono haukutetemeka, wewe mwenyewe umeshajua ni lipi kati ya haya linalokunyima usingizi.

Tuanze na jicho. Unaandika kana kwamba saa 10:10 kulikuwa na moto na wewe ukaunyamazia. Ulichokiona saa hiyo, kwa maelezo yako mwenyewe, ni uzi mweupe uliopotea, ukarudi, ukapotea tena, katika korongo ambalo zima lilikuwa likitoa ukungu. Moto wa radi una tabia ya kujificha. Unaweza kufukuta ndani ya gogo kavu au mizizini kwa siku kadhaa kabla haujatoa moshi wa kuonekana, na ndiyo maana waangalizi huendelea kuzikagua alama za radi siku nyingi baada ya dhoruba. Kwa hiyo hata leo hujui, na hakuna atakayejua, iwapo uzi wa saa 10:10 na moshi wa saa 10:50 vilikuwa kitu kimoja. Kumbukumbu ikishajua mwisho wa kisa, hurudi nyuma na kuupaka mwanzo rangi ya mwisho, na wasiwasi aliokuwa nao mtu hugeuka kuwa uhakika aliouficha.

Hata hivyo sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulikuwa na alama ya radi kwenye nyuzi 214, na uzi ulisimama kwenye nyuzi 214. Nilimuuliza mtu aliyewahi kuongoza vikosi vya wazima moto wa msituni kwa miaka mingi, bila kumtajia lolote la kukutambulisha, mwangalizi afanye nini katika hali kama hiyo. Hakufikiri sana. Alisema angependa kuambiwa saa 10:10 kwamba kuna kitu kinachoshukiwa kwenye nyuzi hizo na kwamba mwangalizi bado anakitazama, kisha aamue mwenyewe kama atatuma watu au atangoja. Yaani kati ya kupiga mbiu na kukaa kimya kulikuwa na njia ya tatu, na jioni ile hukuiona. Nakuomba ujiulize kwa nini, na usikimbilie kujibu kwamba ni uzembe.

Mimi naona jibu limekaa katika lile jina la utani. Mtu aliyedhihakiwa redioni kwa kuripoti mapema hujifunza, bila kufundishwa na yeyote, kwamba kuchelewa ni salama zaidi kuliko kukosea. Umelitaja jina hilo kwa upole mno, ukaongeza kwamba ulicheka nao, kisha ukaliacha. Mimi siliachi upesi hivyo. Kazi nzima ya mwangalizi inasimama juu ya uhuru wa kusema “nadhani” bila kuchekwa, na mahali ambapo “nadhani” inachekwa, moshi huripotiwa ukiwa tayari moto. Hili halikuondolei wajibu wako, lakini lina maana kwamba kisa chako kina watu wengi kuliko wale uliowaweka ndani yake.

Sasa nizirudie saa. Umeandika kwamba kikosi kilichokuwa karibu kilirudi kambini saa 11:05. Ikiwa ndicho pekee kilichoweza kwenda, basi taarifa ya saa 10:10 ingewakuta bado wako kwenye moto wa kwanza. Je, wangeuacha? Wangetoka moja kwa moja kuelekea korongoni bila kurudi kambini kuchukua maji na taa? Au kulikuwa na kikosi kingine mbali zaidi, ambacho kingetumwa mapema na kufika kabla ya giza? Sijui, na nashuku kwamba wewe pia hujawahi kuuliza, kwa sababu kuuliza kungehitaji kueleza kwa nini unauliza. Inawezekana kabisa kwamba dakika zako arobaini zilimezwa na kazi waliyokuwa nayo, na jiwe lingeanguka vilevile. Inawezekana pia kwamba wangepita pale saa 12:40, katika mwanga wa magharibi, na mmoja wao akainua macho kwa wakati. Ninachoona ni kwamba umekuwa ukiishi kwa miezi kadhaa na hukumu ambayo ushahidi wake haujakusanywa, na kwamba ukimya ndio uliokuzuia kuukusanya.

Naelewa pia kwa nini katika kazi yenu dakika zina uzito wa kutisha. Katika siku mbili za Agosti 1910, moto uliteketeza takriban hekta milioni 1.2 katika majimbo ya Idaho na Montana nchini Marekani, watu wasiopungua 85 wakafa, wengi wao wakiwa wazima moto, na baada ya hapo ndipo ujenzi wa minara ya waangalizi ulipopamba moto huko, kama utaniruhusu neno hilo. Waangalizi wamerithi imani kwamba moto unaowahiwa haumuui mtu. Ni imani nzuri kwa mtu aliyeko zamu. Inakuwa mzigo mbaya kwa mtu aliyeko nyumbani miezi mingi baadaye akihesabu dakika zilizokwisha, hasa kwa moto ambao, kwa kuwa ulioneshwa na kuzimwa, haukufika hekta moja.

Tuje kwenye kalamu, ambako siwezi kukusaidia kwa kupiga hesabu. Safu ya kwanza ya daftari lile iliwekwa na mtu aliyejua kwamba kati ya kuona na kusema kuna nafasi, na kwamba nafasi hiyo ina mafunzo. Uliifuta. Nadhani hukuifuta ili kumdhulumu kijana, maana jiwe lilikuwa bado halijaanguka ulipoandika. Uliifuta ili usiitwe jina lingine redioni. Lakini sasa ukurasa huo umepanda cheo. Ulikuwa siri yako, na baada ya wiki saba utakuwa somo la watu wengine, na hilo ndilo lililokufanya uniandikie sasa na si mwezi uliofuata tukio.

Kuhusu hofu yako ya wanawake watakaokuja baada yako, naiheshimu, na sitasema ni ya kuwaziwa tu. Mwaka 1913 mwangalizi mwanamke, Hallie Daggett, alipopewa kituo cha uangalizi cha Eddy Gulch katika msitu wa Klamath, California, walikuwapo waliotabiri kwamba upweke ungemteremsha baada ya siku chache. Alikaa huko kwa zaidi ya misimu kumi. Watu wa namna hiyo hawajaisha duniani. Ila nakuomba uigeuze hofu hiyo uitazame na upande wa pili. Kati ya hao watatu wanaokuja, pengine yumo mwanamke. Atakaa kwenye mnara wake jioni moja baada ya mvua, ataona uzi mweupe, na akilini atakuwa na ama picha ya mwanamke aliyemtangulia asiyewahi kusita, ama picha ya mwanamke aliyesita, akakiri, akaendelea na kazi. Sijui ni ipi itamfaa zaidi. Naona tu kwamba umeshamwamulia bila kumfikiria.

Sasa njia zilizo mbele yako. Ya kunyamaza na kuendelea, ambayo mume wako anaipendelea, nisingeidharau. Anakupenda, na ameona unavyokonda. Lakini methali aliyoitumia ina nusu ya pili, tugange yajayo, na yajayo hapa ni mafunzo ya watu watatu kwa kutumia ukurasa wenye kasoro. Ukiichagua njia hii, walau tafuta namna ya kuuondoa ukurasa huo katika mafunzo, ingawa sijui utatoa sababu gani bila kuongeza uongo wa pili juu ya wa kwanza. Njia ya dada yako, ya kuacha kazi kimya kimya, inakuondoa mbele ya wanafunzi lakini haikuondoi mbele ya nafsi yako, na inauacha ukurasa ukiendelea kufundisha bila wewe kuwapo kuuwekea maelezo. Huenda hata hivyo umechoka kweli na kazi yenyewe, na hilo ni swali halali linalostahili kujibiwa kwa siku zake. Ningependa tu usiliruhusu lijibiwe na hatia.

Ipo njia ya katikati ambayo watu wengi huvutiwa nayo: kuwafundisha vijana kisa chenyewe kama cha “mwangalizi fulani”, na kuwaachia funzo bila kugusa daftari. Ina faida yake. Hatari yake ni kwamba, kwa jinsi mlivyo wachache na mnavyojuana kwa sauti, huyo fulani atatambulika kabla ya chakula cha jioni, na utakuwa umesema bila kupata heshima ya kusema.

Njia ya kumwendea msimamizi ndiyo yenye gharama inayoonekana. Kabla hujaichukua, jua mambo kadhaa. Tafuta kanuni za kazi yako zinasemaje juu ya taarifa isiyo sahihi na juu ya mtu anayejisahihisha mwenyewe, kwa sababu mara nyingi hayo mawili hayatazamwi kwa jicho moja. Katika urubani, kwa mfano, upo mfumo unaoendeshwa na NASA, shirika la anga la Marekani, tangu 1976 ambao rubani anaweza kuripotia kosa lake bila jina lake kufichuliwa, kwa kuwa wenye kazi walikubali kwamba makosa yanayofichwa hayamfundishi mtu. Uliza kama mahali pako pana mlango wa namna hiyo. Zungumza na chama cha wafanyakazi kama kipo, au na mtu anayejua sheria za kazi, kabla hujazungumza na msimamizi, hasa kwa sababu kuna mtu aliyeumia na huenda kuna madai ya fidia ambamo daftari lile limo kama kielelezo. Na hata ukifika usiku wa manane umejawa na majuto, usiuguse ukurasa wenyewe. Usifute, usiongeze tarakimu. Kama utasahihisha, sahihisha kwa maelezo ya pembeni yenye tarehe ya siku unayoyaandika na sahihi yako, na ukurasa wa zamani ubaki ulivyo.

Ukimwendea, ungeweza pia kwenda na zaidi ya kuungama. Unaweza kumweleza juu ya lile jina la utani, na juu ya njia ya tatu ambayo haikuwapo jioni ile, yaani taarifa ya “ninashuku, naendelea kutazama”. Msimamizi mwenye busara atasikia kwamba umemletea tatizo la kituo kizima. Msimamizi asiye na busara atasikia kwamba unatafuta wa kumtupia lawama. Wewe ndiye unayemjua. Mimi namjua kwa sentensi moja tu ya barua yako, na sentensi hiyo inaniambia kwamba anaamini mwandiko wako.

Nimemwacha kijana mwisho kwa sababu ndiye aliyenifanya niiweke barua yako chini kwa siku mbili. Kuna kuungama ambako mtu huutua mzigo wake kwenye kichwa cha mwingine na kuondoka mwepesi. Kijana huyu anapona, amepoteza kazi aliyoijua, na kati ya vitu vichache alivyotoka navyo usiku ule ni sauti yako. Ukimpigia kesho kumwambia yote, na bado hujui kama dakika zile arobaini zilibadilisha chochote, utakuwa umempa swali lisilo na jibu alale nalo. Kwa upande mwingine, mguu ni wake. Akija kuyasikia haya kwa mtu mwingine, au kuyasoma kwenye faili la fidia, ataukumbuka ule mwito wa simu na kujiuliza ulikuwa unamwazia nini alipokuwa akikushukuru. Kati ya hatari hizi mbili siwezi kukuchagulia. Ninachoweza kupendekeza ni mpangilio: uzitafute kwanza zile saa za kikosi, ili ukimwendea uende na unachokijua na si na unachokihofia tu, na umuulize kwanza kama angependa kuzungumzia usiku ule, badala ya kumfungulia mlango kwa teke.

Na kuhusu ile shukrani yake, usiikatae moyoni kama ulivyoikatia simu. Ulipokaa usiku kucha ukimsemesha mtu aliyekuwa akibebwa gizani, hukuwa unalipa deni la alasiri, kwa sababu wakati huo hukuwa na nafasi ya kuhesabu madeni. Ulikuwa unafanya kazi. Saa 10:10 ilikuwa kweli na saa 1:20 ilikuwa kweli, na alfajiri nayo ilikuwa kweli.

Una wiki saba. Ningeanza na barua mbili ambazo hazitatumwa, moja kwa msimamizi na moja kwa kijana, kila moja ikitaja saa zote kama ulivyonitajia mimi, halafu nione ni ipi inayoandikika kwa urahisi na ni ipi inayogoma, na katika sentensi gani. Kama utapanda tena mlimani, na kama utakuwa umesema au umenyamaza, niandikie kutoka huko. Najua utakuwa unainuka kila robo saa, kwa hiyo sitajali barua ikija vipande vipande.

Mshauri wako